Farasi wa Mama Odile na Blanketi la Pentekoste

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tano, mwanangu, nimesimama kwenye mlango wa zizi na blanketi la farasi mabegani, pua inachuruzika kwa baridi, na sijui kama niingie nalo au nirudi nalo. Farasi ananitazama. Mimi namtazama. Nilikuwa kijana wa kubeba magunia mawili kwa mara moja bila kupumzika njiani, lakini blanketi lile lilinishinda.

Nimelikumbuka jambo hilo kwa sababu yako. Wiki iliyopita ulinipigia simu kutoka kazini kwako, huko kwenye mazizi ya upande wa Luano, ukaniuliza: "Papa, baridi imeanza. Hizi farasi tuzivalishe ao tuziache?" Nikakujibu ovyo. Nilisema ngoja kwanza, kisha nikasema hapana, wavalishe, kisha nikasingizia mtandao mbaya na kukata simu. Mtandao ulikuwa mzuri, mwanangu. Ni mimi niliyekwama.

Tangu siku hiyo nakaa hapa mbele ya nyumba yangu Ruashi, malori ya mgodi yanapita na vumbi lao, nami natafuta jibu la kukupa. Jibu la kutosha kwenye simu sijalipata. Nina yale yaliyonipata mimi tu, na nitakusimulia polepole, maana hata mimi kuna mahali ndani yake ambapo mpaka leo sioni vizuri.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Alitoka Kongolo, kule kwenye joto la mto Lualaba, na mpaka anazikwa hakuizoea baridi ya Lubumbashi. Aliiogopa kama watu wengine wanavyoogopa polisi. Lakini alikuwa pia Mkatoliki wa kupindukia, na hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Nyumbani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi wa reli, mablanketi yote yalikaa ndani ya sanduku la bati, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa baba. Sanduku lilifunguliwa siku ya Pentekoste, baada ya misa. Lilifungwa tena siku ya Kupalizwa Bikira Maria, katikati ya mwezi wa nane. Kabla ya Pentekoste, hata kama meno yako yaligongana, ulijifunika shuka na kusali.

Sasa wewe unajua kwamba Pentekoste inatembea. Inafuata Pasaka, na Pasaka inafuata mwezi wa mbinguni. Kuna miaka inakuja mapema, na kuna miaka inachelewa mpaka mwezi wa sita umeshika. Baridi ya Lubumbashi kwa upande wake haijabatizwa, wala haisomi kalenda ya parokia. Miaka ile Pentekoste ilipochelewa, sisi watoto tulilala tumebanana kitanda kimoja, na mdogo wetu wa mwisho tulimgombania usiku kwa sababu alikuwa mnene na mwenye joto. Familia nyingi zilizotoka kaskazini zilifuata desturi hiyo. Hatukuona kama ni ajabu. Hakuna aliyekufa, na kwa hiyo tuliamini kwamba baba ana haki, kwamba anachosema ni sawa.

Nilipokua nikapata kazi ya kutunza farasi hapa mjini, na kwenye mazizi nilipokelewa na Papa Chola, mkuu wa watunza farasi. Yeye alikuwa mtu wa hapa hapa, wazee wake walikuwa wakilima pembezoni mwa mji tangu zamani, na baridi hii ilikuwa baridi yake. Asubuhi za mwezi wa sita alinawa uso kwa maji ya bomba huku sisi wengine tumejikunyata kwenye moto. Alinifundisha kupiga brashi, kusafisha kwato, kutandika majani makavu, na kutosimama nyuma ya farasi nisiyemjua. Alinifokea vya kutosha, na nilimpenda.

Miongoni mwa farasi wale kulikuwa na jike mzee wa rangi ya kahawia nyekundu, jina lake Kanela. Mwenyewe alikuwa Mama Odile, mwanamke mrefu aliyekuwa na duka la dawa mjini. Mume wake ndiye aliyemnunua farasi huyo, na mume alipofariki, watu walimshauri amuuze. Hakumuuza. Alikuja kila Jumamosi, anampanda kidogo, kisha anashuka na kukaa naye tu, anamsemesha habari za dukani, nani amelipa na nani amemdanganya. Sisi tulicheka pembeni, lakini tulicheka kwa sauti ndogo.

Mwaka uliotangulia kisa hiki, Kanela alikuwa ameugua mapafu. Alikohoa karibu msimu wote wa baridi, akakonda mpaka mbavu zikaonekana, na ilikuwa nusura aende. Sasa msimu ulikuwa unageuka tena. Nyasi zilikuwa zimeanza kukauka, moshi wa watu wanaochoma mashamba ulikuwa unanukia jioni, na asubuhi mikono ilianza kufa ganzi. Hapo hapo Mama Odile akapata habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana Kalemie. Akaamua kupanda treni. Safari ya treni ya Kalemie, mwanangu, haikuwa ya kuuliza utarudi lini.

Alikuja asubuhi ya kuondoka, na blanketi la farasi kwenye buti la gari. Halikuwa kama haya yetu ya kitandani. Lilikuwa zito, turubai juu na sufu chini, lina mikanda miwili ya kupita chini ya tumbo na mmoja wa kifuani. Akaliweka mikononi mwangu.

"Umba," akaniambia, "Papa Chola eko na farasi mingi. Huyu njo wako. Siku ya kumuvalisha, weye njo utaamua."

"Nitajua je, mama?"

"Weye ukisikia baridi, jua na yee anasikia."

Akaingia garini. Kisha akashusha kioo, na uso wake haukuwa uleule. "Mapafu yake haitaweza mara ya pili. Daktari alishaniambia."

Gari likaondoka. Nilibaki na blanketi, na maneno yale. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniachia uamuzi wa kitu chochote, hata wa chakula cha jioni. Nilijisikia mkubwa kwa muda wa kutoka getini mpaka zizini, na baada ya hapo nikaanza kuogopa.

Nilianza na sheria ya Mama Odile, kwa kuwa farasi ni wake. Kesho yake asubuhi nilisikia baridi, nikamvalisha. Papa Chola alipopita akasimama.

"Nini hii?"

"Baridi, papa. Nami nasikia."

"Weye unasikia ju hauko na manyoya. Farasi iko na bulangeti yake, Mungu alimushoneaka. Ukimufunika sasa, manyoya itakataa kutoka, na mwezi wa saba atakufa baridi juu yako. Toa."

Nikatoa. Maneno yake yalikuwa na maana. Farasi wengine wote pale walikuwa wameanza kuota manyoya ya baridi, marefu na mazito, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kujali. Lakini Kanela alikuwa mzee na mwembamba, na manyoya yake yalikuwa yametoka machache, hapa yapo na pale hayapo. Siku iliyofuata nilimkuta asubuhi ameinamisha kichwa, nywele za mgongoni zimesimama. Nikasema moyoni, Mama Odile ana haki. Nikavalisha. Jua likachomoza, nikamwona Papa Chola anakuja, nikavua. Jioni nikavalisha. Upepo ukatulia, nikafikiria habari ya manyoya, nikavua tena. Kanela mwenyewe alifika mahali akiniona na blanketi anageuka kuangalia ukuta.

Nikamwuliza baba nyumbani. Nilimweleza yote, farasi, mapafu, Kalemie, Papa Chola. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akafikiria, kisha akaniuliza, "Pentekoste iko lini?"

"Bado, papa."

"Bon, ungoje," akasema, akaendelea kula.

Usicheke. Mimi sikucheka. Nilikuwa na watu wazima watatu ninaowaheshimu, kila mmoja na lake, na kila nilipokuwa na mmoja wao niliona anasema kweli. Nikitoka tu, ile kweli inabaki kwake. Nilianza kukosa usingizi. Nilitembea kutoka nyumbani mpaka kazini nikiongea peke yangu. Kuna asubuhi moja ya baridi kali nilisimama katikati ya zizi kwa muda mrefu hivi kwamba, bila kujua nafanya nini, nilijifunika lile blanketi mimi mwenyewe, mpaka shingoni. Papa Chola akanikuta hivyo.

"Sasa nani njo farasi hapa?" akauliza.

Watunza farasi wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Papa Chola hakucheka. Alikuwa amechoka na mimi. Akasema, "Sikia, Umba. Mama alikuachia weye. Miye sitatia tena mukono. Fanya vile unaona." Akaenda zake, na kweli kwa siku nyingi baada ya hapo hakuingia katika zizi la Kanela. Alipita mbele yake ametazama mbele.

Mtu akichoka kufikiri, anakimbilia kile alichokizoea akiwa mtoto. Mimi nilikimbilia Pentekoste. Angalau ile ilikuwa na siku. Nilijiambia, baba amelea watoto katika baridi hii kwa sheria hiyo, na sisi sote tuko hai, basi itatosha kwa farasi mmoja. Mwaka ule ilichelewa, bila shaka ulikuwa umekisia. Nikasubiri. Kanela akapita zile asubuhi za kwanza za baridi bila kitu mgongoni, na mimi nikahesabu Jumapili.

Siku yenyewe ikafika. Baada ya misa baba alifungua sanduku, mama akatoa mablanketi na kuyakung'uta uani, na mimi nikachukua baiskeli ya jirani nikaenda mbio mpaka kwenye mazizi nikiwa na shati langu la kanisani. Nikamvalisha Kanela. Nikafunga mikanda yote. Nikamshukuru Roho Mtakatifu. Mwanangu, sijui kama naweza kukueleza nafuu niliyosikia. Kichwa kilikuwa chepesi. Niliimba njia nzima wakati wa kurudi.

Na kwa kuwa nyumbani kwetu blanketi likishatoka sandukuni halirudi mpaka mwezi wa nane, na mimi sikumvua. Nilimwacha nalo usiku, nikamwacha nalo mchana. Asubuhi nilimpiga brashi shingoni na miguuni, palipokuwa wazi. Mgongoni sikugusa. Nilikuwa na furaha sana kwamba uamuzi umekwisha, na sikutaka kuufungua tena.

Wewe umezaliwa hapa, unajua mchana wetu wa msimu wa baridi ulivyo. Asubuhi unavaa koti na kofia ya sufu, saa sita mchana jua linakuchoma kichwa unatafuta kivuli, jioni unavaa koti tena. Mimi nami nilijua. Kila siku saa nne nilivua sweta langu na kulitundika kwenye msumari pale pale mlangoni mwa zizi la Kanela. Nilivua, nikatundika, nikaendelea na kazi.

Jumapili ya Ekaristi, wiki mbili tangu Pentekoste, maandamano yalipokwisha, baba aliamua kuja kumwona huyo farasi ninayemsifu. Alikuwa hajawahi kusimama karibu na farasi maishani mwake. Alikuja kwa miguu, na suti yake ya kijivu, na njiani jua lilimshinda, akavua koti akalikunja kwenye mkono. Alifika anafuta shingo kwa leso. Nikamwongoza mpaka kwa Kanela, aliyekuwa amefungwa nje juani, amevaa blanketi lake na mikanda yote mitatu.

Baba akamtazama. "Huyu eko mugonjwa?"

"Hapana, papa. Eko muzima. Nilimuvalishaka siku ya Pentekoste, na tangu ile siku sijamuvua hata mara moja."

Nilisubiri anisifu. Alinipa koti lake nishike. Akasogea, akiogopa, nililiona hilo kwenye miguu yake, akainua pembe ya blanketi juu ya bega la farasi na kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Alipoutoa, ulikuwa unang'aa kwa jasho, na mkono wa shati lake jeupe umelowa na umejaa manyoya. Akaniletea mkono ule karibu na uso.

"Umba. Mu nyumba yangu, uliniona siku moja naenda ku gare ya treni saa sita ya mchana na bulangeti ku mabega?"

"Hapana, papa."

"Asubuhi mama yako anafanyaka nini na zile bulangeti?"

"Anazianika ku jua."

"Voilà. Miye nilikufundisha siku ya kuitoa mu sanduku. Kuitoa ku mwili wa muntu anasikia joto, nani alipaswa kukufundisha?"

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Lakini hata pale, katikati ya aibu, kuna kitu kilinishangaza na bado kinanishangaza. Wote walikuwa wamenivuta huku na huku kuhusu siku ya kuvalisha. Mama Odile alisema juu ya kuvalisha. Papa Chola alisema juu ya kutovalisha. Baba alisema Pentekoste. Hakuna hata mmoja aliyetamka neno juu ya saa ya kuvua, na mimi niliyekuwa navua sweta kila siku sikuuliza.

Tulimvua. Ndani alikuwa amelowa kuanzia shingoni mpaka mkiani, na sufu ya blanketi ilinuka uchachu. Ni wazi haikuwa mara ya kwanza. Alikuwa akitoka jasho kila mchana, na jua likizama jasho lile linapoa juu yake, na anakesha nalo. Tulimsugua kwa majani makavu, mimi upande huu, baba upande ule na suruali yake ya suti, mpaka akakauka. Baba hakunigombeza tena. Aliporudi nyumbani alimwambia mama kwamba farasi ni mnyama mpole.

Siku iliyofuata Kanela alianza kukohoa.

Daktari wa mifugo alikuja. Alimsikiliza kifua pande zote, akampima homa, akakunja uso. Nilimweleza kila kitu, tangu Mama Odile alipoondoka. Alipomaliza kunisikiliza nilimwuliza ni nini kilichomfikisha hapo.

"Inaweza kuwa ile baridi ya mwanzo, mbele ya kumuvalisha," akasema. "Inaweza kuwa jasho. Inaweza kuwa hii vumbi, kila mwaka njo iko vile. Tena mapafu yake ilishaharibikaka."

"Docteur, nichagulie moja."

"Siko nayo, mutoto yangu. Nitamupiga sindano. Weye endelea kumuangalia."

Hebu fikiria hali yangu. Kama kosa lilikuwa baridi ya mwanzo, basi nilichelewa kumvalisha, na Mama Odile alikuwa na haki. Kama kosa lilikuwa jasho, basi sikupaswa kumvalisha kabisa, na Papa Chola alikuwa na haki. Kama ni vumbi, basi nilijitesa bure. Blanketi lile lile lilikuwa linashtakiwa kwa makosa mawili yanayopingana, na shahidi pekee alikuwa farasi. Nilitamani mtu mmoja anijie aniambie, Umba, ni wewe, na ni kwa sababu hii. Ningelia, halafu ningelala.

Kanela aliacha kula. Siku ya kwanza aliacha nusu, siku ya pili alinusa tu. Niliogopa, mwanangu, sitakuficha. Niliogopa kwamba atakufa, na niliogopa ile siku Mama Odile atakaposhuka kwenye gari na kuuliza Kanela yuko wapi, yeye ambaye nyumbani kwake hakukuwa na mwingine wa kumsemesha habari za dukani. Hofu ya kufukuzwa kazi ilikuwapo pia, lakini ilikuwa ndogo.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza watu. Sikuacha kwa kiburi. Niliacha kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuuliza wote, na farasi bado amesimama pale anakohoa. Nikaanza kumgusa. Asubuhi kabla sijamwamkia mtu, naingiza mkono chini ya blanketi, nyuma ya bega. Pakavu na joto, namwacha. Jua likipanda naingiza mkono tena, na nikisikia unyevu hata kidogo, navua, nasugua, naanika blanketi juani, ndani nje. Jioni nasubiri. Nywele zikianza kusimama, au akijikunja tumbo, navalisha. Kama upepo hakuna na yeye ametulia, nasubiri zaidi. Kuna siku nilimvalisha na kumvua mara nyingi kuliko zile siku za mwanzo, za kuchekwa. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa namfuata yeye.

Papa Chola alinitazama kwa siku kadhaa kutoka mbali. Kisha asubuhi moja akaingia na ndoo ya maji, bila kunisalimu, akaanza kunyunyizia majani ya kulisha ili yasitoe vumbi, na sakafu yote. Akafanya hivyo kila siku. Baba naye alikuja jioni na karoti za bustani ya mama, akazikata vipande vidogo kwa kisu chake cha mfukoni na kumnyoshea Kanela kwenye kiganja, mkono mwingine ameushikilia ukuta. Walisalimiana vizuri, baba na Papa Chola, lakini habari ya blanketi hawakuigusa. Kila mmoja alikuwa na sheria yake na alikuwa hajaiacha.

Jioni moja Kanela alichukua kipande cha karoti. Alikitafuna polepole sana, tukiwa tumesimama sote watatu, kisha akakimeza na kusukuma mkono wa baba kutafuta kingine. Baba alicheka kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia. Mimi nilitoka nje nikalia nyuma ya stoo ya majani.

Alipona, lakini si kabisa. Homa iliisha, kikohozi kilipungua, pumzi ikabaki na mlio kidogo. Mama Odile alirudi mwezi wa saba, amevaa nguo nyeusi, mama yake alikuwa amefariki. Alishuka garini, akatembea moja kwa moja mpaka zizini, akauweka uso wake kwenye shingo ya Kanela na kukaa hivyo. Akaisikia ile pumzi. Akageuka.

"Ulimuvalisha siku gani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kuvalisha na kuvua, Pentekoste, blanketi mabegani mwangu, jasho, baba, daktari aliyekataa kunichagulia. Papa Chola alikuwa amesimama mlangoni. Mama Odile alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na nguo zake nyeusi, akasikiliza.

"Miye nilikuambia ukisikia baridi weye, na yee anasikia," akasema mwishoni. "Ile nayo haikuwa kweli."

"Saa ingine ni kweli, mama. Saa ingine hapana."

"Na sasa? Mwaka kesho baridi ikianza, utamuvalisha siku gani?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Mwanamke amefiwa, farasi wake amebaki na pumzi ya mlio, alistahili jibu.

"Sijue, mama."

Nikadhani nimejifukuza kazi mwenyewe. Lakini mwaka uliofuata, alipopaswa kurudi Kalemie kwa mambo ya matanga, wenye farasi wengine walimwambia amhamishie Kanela kwa watu wenye uzoefu. Walitaja majina. Mama Odile alikuja na blanketi lile lile na kuniwekea mikononi, mbele yao.

"Nitamuachia Umba," akasema. "Bale bengine bote banasema banajua."

Kanela aliishi miaka mingine, akawa wa kutembezwa tu, na kufa alikufa katika msimu wa mvua, bila kuugua. Kama ile baridi ya mwanzo ndiyo iliyomwumiza, au jasho langu, au vumbi, sijui. Nimezeeka na swali hilo. Baba naye mwaka ule uliofuata alifungua sanduku wiki nzima kabla ya Pentekoste. Alisema ni kuangalia tu kama panya hawajaingia.

Basi, mwanangu, ushauri wangu ni huu, na usinikasirikie kwamba hauna tarehe. Siku ya kuvalisha farasi siijui. Ningekudanganya kukupa moja, na siku hizi hata baridi yenyewe imevurugika, mara inakuja mapema, mara mwezi wa sita unatokwa jasho. Sikiliza wakubwa wako pale kazini, wote, maana kila mmoja ameona kitu. Aliyenona na mwenye manyoya mazito, mwache, Papa Chola alikuwa na haki juu ya wale. Mzee, mwembamba, mgonjwa, au aliyelowa kwenye upepo, huyo msaidie mapema, usingoje kanisa. Lakini ukishawasikiliza wote, nenda ukaingize mkono nyuma ya bega la yule aliye mbele yako, na umwamini yeye. Na ukishamvalisha, kazi yako ndiyo imeanza. Wengi wanajua kumfunika mnyama, na wengi wanajua kumfunika mtoto, mke, mgonjwa. Kurudi saa sita mchana kuangalia kama kile ulichompa asubuhi bado kinamfaa, hapo ndipo wengi tunapoanguka. Usiwe mtu wa kuvalisha na kuondoka akiimba.

Na siku utakapoulizwa mbele ya watu na hujui, sema hujui, kisha nenda ukaguse.

Mungu akupe mikono inayosikia. Akuachie wasiwasi kidogo kila jioni, ule wa kukurudisha zizini mara moja zaidi kabla hujafunga geti. Wanyama wako wote wavuke baridi hii wakiwa wamesimama, nawe uivuke pamoja nao, kifua kizima, mgongo mkavu na wenye joto. Amina.